Mpokea Dau wa Kona ya Mtaa

Watu wa mtaa ule wa Burnley, mji wa viwanda wa Uingereza, walimwita mpokea dau tu. Sheria ya enzi hizo ilimruhusu tajiri kucheza kamari ya farasi kwa simu, ikamkataza kibarua wa kiwandani kuweka shilingi yake barabarani. Ndiyo maana kila mchana yeye alisimama konani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akipokea vikaratasi vya dau bila kuvitazama, vidole vyepesi kama vya mshonaji. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo: "Nimekupata, dada. Nenda salama." Polisi wakitokea alikimbilia majikoni mwa watu, maana milango ya nyuma iliachwa wazi kwa ajili yake, na kila akipita alisema, "Samahani, mama. Chai inanukia!"

Siku moja alijitupa ndani kwa Bi Winifred, hana habari kwamba mume wa mama huyo amefariki alfajiri. Akamkuta amelazwa sebuleni, shuka nyeupe hadi kidevuni. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na buti za polisi zilishasikika uani. Bi Winifred akamsukuma. "Kimbia, we mwanamume! Unangoja nini?"

Akavua kofia. "Siwezi kumpita hivihivi, mama."

Konstebo akaingia akihema, akaona maiti, naye akavua yake. Wakasimama bega kwa bega, vichwa chini. Bi Winifred, aliyekuwa hajatoa chozi tangu alfajiri, ndipo akalia. Mpokea dau akamshika mkono mpaka akatulia, kisha akatoka hadi njiani, akavaa kofia, akamgeukia konstebo aliyemfuata.

"Haya, bwana mkubwa. Sasa nikamate."