Mkono Usio na Piko

Dada yangu alikufa akikuna nazi. Alikuwa ameketi kwenye mbuzi uani kwake, Msambweni, saa nne asubuhi, bakuli mbele yake, na binti yake aliyekuwa akichagua mchele hatua chache kutoka pale alidhani mama ameinama kuokota kitu. Hakuinuka tena. Hospitali wakasema ni moyo. Hakuwa mnene, hakuwa akiugua, na jana yake tulikuwa tumeongea kwa simu karibu saa nzima juu ya kitambaa cha mapazia, tukabishana na tukacheka.

Mimi ndiye niliyemfuata kuzaliwa. Tumbo moja, ziwa moja, sura moja hata watu walikuwa wakituchanganya. Kwa hiyo tangu maziko yale nilianza kuuogopa moyo wangu mwenyewe. Nikipanda ngazi nilisimama katikati kuusikiliza. Nikikuna nazi niliweka mlango wazi ili nikianguka nionekane upesi.

Kazi yangu ni Diani, hotelini, chumba cha mashuka. Huko ndiko nilikozijua saa za mkononi za mazoezi. Wageni wetu hukimbia ufukweni alfajiri, wakirudi hawaangalii bahari, huangalia mkono. Tunapotandika vitanda tunazikuta mezani zimelala chali, taa ya kijani inamemeta kwa chini. Siku moja nilimwuliza mwalimu wa mazoezi wa pale hotelini ile taa ni ya nini. Akaniambia ndiyo inayohesabu mapigo ya moyo, mchana na usiku, na moyo ukienda kombo saa humwonya mwenyewe. Nilimwambia hicho ndicho nikitakacho. Sikuwa na haja ya kukimbia. Nilitaka kuonywa.

Yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kuchagua. Alisema madukani kuna saa za uongo, zinabuni namba tu ili kukufurahisha, kwa hiyo kabla hujanunua ifunge saa kwenye kitu kisicho na uhai uone itasema nini. Basi nikaenda Ukunda kwa kijana mmoja wa bara anayeuza simu na vikorokoro vyake, nikiwa nimetoka sokoni, kikapuni nina mihogo.

"Mathee, hii ni safi, inasoma kila kitu," akaniambia, akinipa ya kwanza, yenye kioo kikubwa cha kupendeza.

Nikaifunga kwenye mhogo. Kweli ilisoma kila kitu. Mhogo wangu ulikuwa na mapigo sabini na mawili, na presha nzuri kuliko yangu. Yule kijana aliona haya mpaka akaizima mwenyewe. Ya pili iliupa mhogo mapigo themanini na nane. Ya tatu, nyeusi, nyembamba, isiyo na urembo wowote, ilimulika mhogo, ikafikiri, ikamulika tena, kisha ikaandika vistari viwili na kunyamaza. Hiyo ndiyo niliyoichukua. Nilirudi nyumbani Msambweni nikijisifu kwamba nimepata saa ya kweli.

Mwanangu aliniwekea programu ya saa ile kwenye simu. Iliuliza umri, urefu na uzito, na kwenye uzito nilipunguza kidogo, kwa kuwa mwanangu alikuwa akitazama. Baada ya hapo ikaanza kunipongeza. Ukitembea inapongeza, ukilala inapongeza, na chumba cha mashuka kinavyotutembeza, kila siku kufikia adhuhuri nilikuwa nimeshatimiza hatua zangu na saa imetetemeka mkononi kwa furaha. Wenzangu kazini walianza kuniita mwanariadha.

Lakini hofu haikuondoka, ilipata mahali pa kukaa tu. Zamani niliogopa mara moja moja, sasa niliogopa kila nilipotazama mkono, na nilitazama mkono kila dakika. Namba ikiwa themanini niliwaza mbona themanini. Nikiwaza hivyo inapanda tisini, nikiiona tisini inapanda mia. Hata kwenye sijda nilikuwa nikiiona taa ya kijani karibu na uso wangu, na badala ya kumtaja Mola nahesabu. Astaghfirullah.

Mume wangu alikuwa akinitania. Yeye ni fundi wa kuezeka makuti, nusu ya mapaa ya hoteli za Diani yamepita mikononi mwake, na hospitali aliijua siku aliyovunjika mkono tu. Alikuwa akiniambia moyo ni kama mpishi, ukimsimamia sana anaunguza chakula. Mimi namjibu kwamba dada hakusimamiwa na mtu, na tazama. Hapo utani huisha. Alimpenda sana shemeji yake.

Ndipo ikaja harusi ya yule binti, mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mama yake sasa, kila kitu kiliulizwa kwangu. Alhamisi jioni mpambaji alikuja kutupaka hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi. Akaniambia mama wa bi harusi hawezi kukaa mikono mitupu, akanichora maua meusi kutoka vidoleni, yakazunguka kifundo cha mkono kama bangili tatu, yakapanda mpaka karibu na kiwiko. Nilivua saa ili piko ikauke. Ilipokauka nikaivaa palepale, juu ya maua.

Ijumaa asubuhi niko jikoni uani kwa marehemu dada, masufuria ya pilau motoni, nikatazama mkono. Arubaini na moja. Nikaugonga mkono, nikatazama tena. Mia sabini na nane. Kisha vistari viwili, kama ule mhogo.

Sijui niseme nini juu ya hofu ile. Nilimtazama mpwa wangu amekaa ndani na khanga mpya, nikawaza mama zake wote wawili wanafia jikoni. Mbuzi ya nazi aliyokuwa akikalia dada ilikuwa pale pale, mtu mwingine anakuna. Sikumwambia mtu. Nilijifunga buibui, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapanda boda mpaka zahanati iliyo karibu, nikamwambia mganga wa pale kwamba nakufa.

Alikuwa mzee mpole. Alinikalisha, akashika mkono wangu, akatazama saa ya ukutani mpaka dakika ikaisha. Akasema themanini na nne, mapigo ya mtu aliyekuja mbio. Akasikiliza kifua, akapima presha, kila kitu sawa. Ndipo akaigeuza ile saa, akaiona taa inavyopiga juu ya piko, akaanza kutabasamu. Akanieleza kwamba taa ile lazima ipenye ngozi iione damu ikipita, na piko nyeusi namna ile imeizuia, kwa hiyo saa ilikuwa inabahatisha. "Nenda kapike, mwanangu," akaniambia. "Una harusi, huna ugonjwa."

Nilirudi nikicheka peke yangu kwenye boda. Jikoni nilikuta wameshanitafuta, ikabidi niseme. Wanawake wale walicheka mpaka mmoja akaangusha upawa. Binamu zangu walinivua saa, wakapokezana, na wote tulikuwa tumepakwa, kwa hiyo kila mtu alikuwa na namba yake ya ajabu. Mmoja alikuwa na mapigo thelathini, wakamwambia akajilaze wamshonee sanda.

Mume wangu akatokea mlangoni kuulizia pilau ya wageni. Tangu alfajiri alikuwa akifunga turubai na kupanga viti. Binamu zangu kwake ni mashemeji, na shemeji ana ruhusa yake ya utani, wakamvuta, wakamkalisha juu ya gunia la mchele, wakamfunga saa mkononi. Mia na thelathini na tisa. Tukangoja. Mia na arubaini na nne. Tukangoja tena, amekaa tuli, anakunywa maji. Mia na thelathini na saba.

"Shemeji anaogopa wanawake," akasema binamu yangu, na jiko zima likaangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Mimi nilikuwa nimeinama karibu yake. Niliuona ule mkono. Mkono wa mwanamume, mkavu, una makovu ya kamba za makuti, hauna hina wala piko wala doa lolote. Taa ya kijani ilikuwa inaingia kwenye ngozi tupu. Niliiona, na nilielewa, maana nilikuwa nimetoka kuelezwa, hata saa moja haijapita. Lakini nilikuwa nimeshachekwa mara moja asubuhi ile, na wote walikuwa wakinitazama waone kama nitakimbilia zahanati mara ya pili. Niliogopa kuchekwa.

"Hii saa imeharibika," nikasema.

"Basi niachie mimi mpaka piko yako itoke," mume wangu akasema, akiigeuzageuza mkononi. "Angalau nijue majira." Akaenda na pilau yake.

Jumamosi ilikuwa shughuli, Jumapili ilikuwa kuosha masufuria ya watu na kuyarudisha. Nilikuwa nimezizima arifa za programu ili nipumzike. Mara mbili nilimwona mume wangu amekaa kizingitini anavuta pumzi, nikamwambia umechoka na harusi, akasema nimechoka na harusi. Jumatatu akaenda kazini Diani.

Saa tatu asubuhi msaidizi wake alinipigia simu pale chumba cha mashuka. Alisema mzee ameshuka kwenye ngazi mwenyewe, akakaa juu ya rundo la makuti, akapewa kikombe cha chai na kikombe kikamtoka mkononi. Anazungumza lakini hawamwelewi. Nilitoka na aproni yangu ya kazi. Ndani ya gari mpaka hospitalini nilishika mkono wake wa kulia, na mkono ule haukunishika. Mdomo umekwenda upande. Macho yalikuwa yake yaleyale, yananitazama, na yalikuwa yanaogopa. Sijawahi kumwona akiogopa kabla ya siku ile.

Daktari alikuwa binti wa bara, kijana, Kiswahili chake cha haraka. Alifunga nyaya kifuani kwake, akatazama karatasi ikitoka, akanigeukia.

"Mama, nisaidie. Huu moyo umekuwa ukienda mbio hivi tangu lini? Nikijua, nitajua dawa ya kumpa."

Nilifungua mdomo kusema leo asubuhi. Wallahi nilikuwa nasema hivyo. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Mume wangu alikuwa amelala pale anatusikia, na ile saa ilikuwa bado mkononi mwake, mkono ulio mzima, taa inamemeta.

Nikatoa simu. Maua ya piko mikononi yalikuwa bado meusi. Nilipoifungua programu kwanza zilikuja pongezi. Ilinipongeza mimi, kwa umri wangu na ule uzito wa uongo. Ilisema nimevunja rekodi, kwamba sijawahi kufanya mazoezi makali kiasi kile kwa muda mrefu kiasi kile, niendelee hivyo hivyo. Ikanipa nyota. Chini ya nyota kulikuwa na mstari mwekundu, umepanda Ijumaa kabla ya adhuhuri, na haukuwa umeshuka tena. Ijumaa yote, Jumamosi yote, hata usingizini. Nilimpa daktari simu.

"Tangu Ijumaa," nikasema. "Niliiona Ijumaa."

Daktari hakunilaumu. Aliandika, akampigia mwenzake, akasema tu kwamba moyo ukipiga ovyo siku nyingi damu huganda ndani yake, na kipande kimoja kikipanda kichwani ndiyo haya. Akasema ni vizuri nimesema kweli, kuna dawa angempa ambayo kwa moyo wa siku tatu ingemdhuru. Sikutulizwa na maneno yale. Nilikuwa nahesabu, kama kawaida yangu. Zahanati kwa boda ni dakika kumi.

Alhamdulillahi yuko hai. Mdomo umerudi, maneno yamerudi isipokuwa anapochoka, mkono wa kulia unarudi polepole. Paani hapandi tena. Hukaa uani akashona makuti kwa mkono mmoja na nusu, na mafundi wengine huja kuyachukua. Saa ni yake sasa, mwanangu alibadilisha umri na uzito, na safari hii tuliandika ukweli. Mimi siivai, na ajabu ni kwamba moyo wangu nimeusahau kabisa. Sijui unapiga ngapi.

Daktari alimwamuru kutembea kila alasiri, kwenda mpaka dukani na kurudi. Saa ile haitumi habari kwa mbali. Akishapita kona ya msikiti namba zinakoma, na mimi hubaki na simu tupu mezani mpaka atakaporudi karibu na nyumba, ndipo saa na simu zinapoonana tena na simu inatoa mlio mdogo. Nimejifunza kukaa jikoni na kungojea mlio ule. Jana ulichelewa. Nilikuwa na kisu mkononi, na ulipolia nilitazama chini nikaona mihogo yote imebaki na maganda yake.

Mengi amenitania tangu atoke hospitali, hata ile nyota ya mazoezi huniomba nimrudishie, anasema aliitolea jasho. Ila hajawahi kuniuliza kama siku ile, pale kwenye gunia, niliona kwamba mkono wake haukuwa na piko. Kila alasiri simu inapolia mimi huwahi kwenda kumfungulia mlango, nikampokea fimbo na kumpa maji, na kusema maneno mengi mpaka amalize kunywa.