Nilivyoyaombea Mafua Yangu Yasipone

Wapo watu waliolia kwa kuachwa, na wapo waliolia kwa kufeli mtihani. Mimi nililia kwa sababu mafua yangu yalikuwa yanapona.

Usicheke kwanza, nisikilize.

Nafanya kazi redioni. Kwa miaka sita nilikuwa nasoma matangazo ya vitu vilivyopotea. Pochi ya kahawia, funguo tatu kwenye kamba nyekundu, cheti cha kuzaliwa ndani ya bahasha. Dakika tano tu, halafu narudi kwenye kiti changu.

Shida ilikuwa sauti. Ni nyembamba mno, nikipiga simu benki wananiita dada. Kazini jina langu ni Filimbi, na hata mlinzi wa getini ananiita hivyo kwa heshima zote.

Nilikuwa natamani kitu kimoja tu, kipindi cha barua za mapenzi cha saa kumi jioni. Wasikilizaji wanaandika ya moyoni, mtangazaji anayasoma. Aliyekuwa nacho alienda likizo ya uzazi, akatuma ujumbe kwamba harudi tena. Ofisi nzima ikaanza kusafisha koo.

Jumatatu ile nikaamka pua imeziba, koo linawasha, chafya mfululizo. Mafua ya kawaida kabisa. Nikaenda kazini hivyo hivyo na kusoma pochi zangu.

Bosi akafungua mlango wa studio.

"Nani alikuwa anasoma?"

"Mimi, bosi."

"Wewe Filimbi? Hebu sema tena funguo tatu."

"Fuguo tatu."

Akafumba macho. "Sauti nzito hiyo! Ulikuwa umeificha wapi? Leo saa kumi unakaa kwenye barua. Wiki mbili za majaribio. Wasikilizaji wakikukubali, kipindi ni chako."

Jamani! Nilitoka pale meno yote nje.

Nyumbani mke wangu alinikumbatia, kisha akaniuliza swali la maana. "Na mafua yakiisha?"

"Hayaishi," nikamwambia. "Nitayalea."

Na nikayalea kweli. Nilioga maji ya baridi, nikalala feni ikinipuliza usoni. Mamamkwe, nesi mstaafu tunayeishi naye, alikuwa ananitazama tu huku anakunywa chai yake.

Ijumaa pua ikafunguka.

Niliamka napumua kwa matundu yote mawili. Nikaenda bafuni, nikajaribu kusema funguo tatu mbele ya kioo, ikatoka nyembamba kama zamani. Hapo ndipo nilipolia. Siku hiyo nilisoma barua huku nimejibana pua kwa vidole, na fundi mitambo akaniangalia vibaya.

Jumatatu alfajiri nikaamka kichwa kizito, pua imeziba kabisa, na homa juu. Niliruka kutoka kitandani.

"Yamerudi! Mke wangu, mafua yamerudi!"

Mke wangu akapiga vigelegele kabla hata hajafungua macho vizuri. Tukacheza pale sebuleni, mimi na kamasi zangu. Mamamkwe akatokea mlangoni, hakucheza.

"Baba, mafua yaliyokuwa yanaondoka hayarudi na nguvu mpya namna hii. Shavu linakuuma?"

"Kidogo tu, mama."

Kidogo! Nilikuwa namdanganya mtu mzima mchana kweupe. Chini ya macho palikuwa pamejaa, panagonga. Nikiinama kufunga kamba za viatu, naona uso unataka kudondoka. Meno ya juu yakaanza kuuma, nikadai ni jino.

"Jino lipi?" mamamkwe akauliza. Nikamwonyesha moja. Kila siku akauliza tena, nami nikamwonyesha jingine.

"Meno manne yameoza kwa wiki moja?" alisema. "Hongera."

Nikawakwepa wote mpaka Ijumaa, siku ya mwisho ya majaribio. Barua ya siku hiyo ilikuwa ya mwanamke anayemsamehe mumewe baada ya miaka miwili ya kununiana. Nikiwa katikati, ukurasa wa pili ukaanguka chini ya meza. Nikainama.

"Mama yangu weee!"

Hewani, moja kwa moja. Nikarudi kwenye kiti machozi yanatiririka, nikamalizia barua kwa kujikongoja. Nje ya kioo, fundi mitambo alikuwa anafuta macho.

Nilipotoka getini nikamkuta mamamkwe, mkoba begani. Alikuwa akinisikiliza nyumbani.

"Wengine wamedhani unalia kwa mapenzi," alisema. "Mimi nimesikia shavu. Twende hospitali."

Daktari alibonyeza chini ya macho yangu, nikamdaka mkono.

"Siku ngapi sasa?"

"Kumi na mbili."

"Yaliwahi kupungua?"

"Siku ya tano. Halafu yakarudi makali, tukashangilia."

Akaweka kalamu chini. "Mlifanya nini?"

Mamamkwe akamweleza yote, hakunifichia aibu hata tone. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatulia.

"Mafua ya kawaida huwa mabaya siku za mwanzo, halafu yanashuka yenyewe. Wengi wanapona ndani ya siku kumi hata wasiponiona. Lakini yakipita siku kumi bila nafuu yoyote, au yakipungua kisha yakarudi na homa, uso unauma, meno ya juu yanauma, hapo nashuku maambukizi ya sainasi. Ni nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso, zimeziba."

"Na rangi ya kamasi?" mamamkwe akamtega.

"Rangi peke yake haitoshi, mama. Hata mafua tu yanaweza kutoa njano."

Mamamkwe akatikisa kichwa kumkubali. Daktari akaniandikia dawa na maji ya chumvi ya kusafishia pua.

"Nikitumia hizi, sauti yangu itarudi?" nikauliza.

"Itarudi kabisa, usihofu," akajibu, akidhani ananifurahisha. Niliumia moyo, sitaficha.

Wiki iliyofuata nikaingia kwa bosi nimepona.

"Bosi, ile sauti ilikuwa ugonjwa. Hii ndiyo yangu. Nisamehe."

Akanisukumia bunda la ujumbe wa wasikilizaji. "Soma."

Nikasoma. "Mpeni dawa huyo kijana, anasikika puani, lakini msimwondoe." Mwingine, "Wa kwanza kusoma barua zetu bila haraka." Mwingine, "Kila sentensi anasimama kidogo, najua ameielewa."

Hakuna hata mmoja aliyetaja sauti nzito.

Ndugu zangu, nilikuwa nasimama kutafuta pumzi! Pua imeziba, ningesomaje sentensi mbili bila kuvuta hewa kwa mdomo? Bosi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kipindi kikawa changu.

Ujumbe wa mwisho kwenye bunda ulitoka kwa yule mwanamke aliyesamehe. "Nilikuwa bado nasitasita," aliandika. "Uliponililia, nikajua sijakosea. Amerudi nyumbani."

Sijamwambia mpaka leo. Nyinyi nawaambia, ukiwa na mafua hesabu siku zake, na yakiaga kisha yakarudi na homa, nenda ukapimwe. Mimi nilikaribia kuharibu uso wangu kwa ajili ya sauti ambayo hakuna msikilizaji aliyekuwa ameniomba.