Barua Niliyomnyima Jirani Yangu

Nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu huku Chamazi kwa miaka saba, na kama kuna mtu aliyewahi kukipenda cheo hicho, ni mimi. Kilikuwa cheo cha kiti cha plastiki na daftari la mahudhurio, basi. Lakini ukiniita "mwenyekiti" barabarani, hata kama nimebeba ndoo ya maji, mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

Jumuiya ilikutana kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Kanisani kwetu jambo hilo halina mzaha. Asiyesali jumuiya hapati barua ya mwenyekiti, na asiye na barua hafungishwi ndoa, mtoto wake habatizwi, na akifa mchungaji haji kumzika. Kila mtu anaijua sheria hiyo, na kila mtu anadhani itamkuta mwenzake.

Mwaka ule tulikuwa tunajifunza wafalme wa Israeli. Nilipofika kwa Sauli niliwaka. Niliwaambia wenzangu kwamba mtu yule alikuwa mrefu kuliko wote, kapakwa mafuta, ana jeshi, kisha akaliacha agizo la Mungu kwa kuogopa watu wake watanuna. "Kiongozi anayeogopa watu amekwisha!" nilisema, nikapiga goti kwa kiganja. Akina mama wakaitikia amina. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa, nikanywa chai vikombe viwili.

Kati ya waliokosekana siku ile alikuwamo mama mmoja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa akiuza maharage na mchele. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake kubwa, na alfajiri ile sisi tukiimba, yeye alikuwa mbali Tandale anagombea mzigo wa jumla. Nilijua. Kila Jumamosi nilimsikia akifungua geti lake huku mimi natafuta miwani. Hata hivyo kwenye daftari niliandika hayupo, hayupo, hayupo, mwaka mzima, na sikuwahi hata siku moja kuuliza kama tungeweza kukutana jioni ili naye aje. Alikuwa akinitania, "Mwenyekiti, niombeeni na mie, maharage hayajui jumuiya." Nilicheka. Maharage yake niliyala.

Alhamisi moja alianguka kulekule sokoni Tandale kwa presha. Ijumaa akafa.

Jumamosi jumuiya ilikuwa kwangu. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kusali, wamebaki uani wazee wanne, mume wa marehemu alipofika. Alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole, mgeni wa mambo ya kanisa. Hakuwa amevaa hata viatu.

"Mwenyekiti, ofisini wanataka barua yako," alisema. "Bila hiyo mchungaji haji. Nisaidie, kaka. Aliniambiaga, nikifa usikubali nizikwe kimyakimya."

Nilimwambia asubiri nje kidogo, nikachukua kalamu. Ilikuwa mistari miwili tu, kwamba marehemu alikuwa mshiriki mwema. Kabla sijaandika, mmoja wa wale wanne, mama anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, alisimama mbele ya meza.

"Ukimwandikia huyo, Jumamosi ijayo na mie naenda zangu sokoni. Kwani sie tunaoamka alfajiri ni wajinga?"

Wenzake waliutazama mkono wangu. Niliogopa. Ninaliandika neno hilo wazi kwa sababu siku ile sikulitamka. Niliogopa jumuiya itanifia mikononi, niliogopa kuambiwa napendelea jirani, niliogopa kuvuliwa kile kicheo changu cha kiti cha plastiki. Nikaandika kwamba marehemu hakushiriki kwa mwaka mzima, na ilikuwa kweli tupu. Sauli aliogopa watu akalegeza. Mimi niliogopa watu nikakaza, ndiyo maana sikujitambua, nikadhani huo ndio uaminifu wenyewe.

Nilipotoka kumwambia mumewe, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Basi uje wewe, mwenyekiti," alisema. "Uje tu."

Tulimzika Jumatatu. Nilikwenda, na wale wanne walikwenda. Hapakuwa na joho wala kwaya. Jeneza liliposhushwa watu walibaki wamesimama na makoleo, hakuna anayejua kinachofuata. Mwarabu wa duka la kona, aliyemwachia marehemu kibaraza chake auzie miaka yote ile, aliangaza huku na huku.

"Jamani, hamumwombei?" aliuliza. "Si mwenzenu huyu?"

Mumewe alinigeukia. "Mwenyekiti, neno moja tu."

Hakuna sheria ya kanisa iliyonikataza kusema neno. Lakini ng'ambo ya kaburi nilimwona yule mama wa kwaya, kakunja mikono. Nikatazama viatu vyangu.

Basi fundi akaianza mwenyewe Sala ya Bwana, mtu ambaye siku zote alimwachia mkewe aseme, yeye akisogeza midomo tu. Alifika pale pa mkate akakwama. Akarudia toka mwanzo, akafika palepale, akakwama tena. "Endelea, kaka, endelea," Mwarabu alimwambia taratibu, lakini hakuweza kumsaidia, maana sala ile si ya kwao. Akatutazama sisi.

Mimi ninaijua yote toka utotoni. Ilipita kichwani mwangu neno kwa neno mpaka amina, na mdomo haukufunguka, hadi fundi alipoacha kungoja, akainama, akachukua koleo na kuanza kumfukia mkewe.