Mahali pa Kumlaza Mwacheni

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua haipendezi, najua. Mume wangu anasema inafanana na gunia lililosahaulika chini ya kitanda. Lakini juma lililopita mbwa wa namna hiyo alilala jikoni kwangu, hapa Singida mjini, nami nikakaa kwenye kigoda karibu naye mpaka chai ikapoa mkononi. Alikuwa wa vijana wawili, mke na mume, waliokuwa safarini na gari lao. Niliwakuta mlangoni pa nyumba ya wageni ya jirani, mvua inawanyeshea, na msichana wa mapokezi anawaeleza kwa adabu kwamba vyumba vipo, ila si kwa mbwa. Walikuwa wamezunguka mji mzima wakipata jibu hilohilo. Nikawaambia twendeni kwangu, bila kumwuliza mume wangu, naye akanuna mpaka asubuhi.

Sikumweleza sababu. Nawaeleza ninyi, kwa kuwa ninyi hamtaninunia.

Mimi pia niliwahi kutembea nikiomba mahali pa kumlaza mbwa. Nilikuwa bado sijaanza shule. Mbwa wetu aliitwa Mwacheni. Babu ndiye aliyempa jina, kwa sababu alipokuwa mdogo aliiba kila chakula kilichoachwa wazi, na kila aliponyanyuliwa fimbo Babu alisema, "Mwacheni." Babu akafa, jina likabaki, na mbwa akawa wa Bibi. Alikuwa na rangi ya vumbi, na sikio moja lilikuwa limechanwa na fisi.

Tuliishi mbugani, mbali kupita Ihanja, katika tembe refu lenye paa la udongo, watu upande huu na mifugo upande ule. Macho ya Bibi yalikuwa yameshaingia ukungu. Aliona mwanga na kivuli, basi. Lakini pale nyumbani ungeweza kushinda naye usijue. Alitoka jikoni hadi zizini bila fimbo, akajua chungu kipi kina maji na kipi kina mlenda, na jioni alikwenda kukaa kwenye mawe ya kaburi la Babu, kando ya zizi, akampa habari za siku nzima: nani kagombana na nani, ng'ombe yupi kazaa. Wakati mwingine alicheka, kama vile Babu naye ametia neno lake.

Kisha likaja agizo la kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi watoto tulilifurahia. Tuliambiwa kutakuwa na shule na zahanati na bomba la maji, na kusema haki, shule ilikuja kweli, ndiyo iliyonipa kalamu hii. Lakini wazee hawakuulizwa. Lori lilifika wakati wa kiangazi, mtama ukiwa umeshavunwa. Mgambo waliokuja nalo walipakia vyombo, kuku, na mama yangu aliyekuwa na mimba. Kisha wakabomoa paa la tembe letu ili mtu asije akapata hamu ya kurudi. Vumbi lilipanda, na Bibi akasimama katikati yake akigeuza uso huku na huku, akisikiliza nyumba yake ikianguka.

Mgambo mmoja akasema mbwa hapandi garini.

"Vizuri," Bibi akajibu. "Basi na mimi sipandi."

Baba alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Yeye alitakiwa kuswaga ng'ombe pamoja na wanaume wengine kwa njia ya malisho, hakuweza kungoja. Bibi akashika kichwa changu. "Huyu mke mwenzangu atakuwa macho yangu. Tutafika." Ndivyo alivyoniita siku zote, mke mwenzangu, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na ugomvi wetu juu ya marehemu ulikuwa haujaisha.

Tukaondoka. Mimi nilishika ncha moja ya fimbo, yeye akashika ncha nyingine, na mkono wake wa pili ulifungwa ukanda wa ngozi uliomshika Mwacheni. Tulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Kila tulipofika penye njia panda, au mti mkubwa, au korongo, Bibi alisimama. "Mpe nafasi anuse," alisema. Mbwa akanusa, akanyanyua mguu, akakojoa, akanusa tena. Jua linawaka, midomo imekauka, na sisi tunamngoja mbwa amalize kukojoa! Nilipolalamika Bibi aliniambia haraka haraka haina baraka, nami nikajiuliza ni baraka gani inayopatikana kwenye mkojo wa mbwa.

Jioni ilipokaribia nikaanza kuogopa. Fisi wa kwetu hawana utani, na mbwa aliyefungwa nje ni kitoweo chao. Nyumba ya kwanza tuliyobisha ilikuwa ya mwalimu wa dini, mtu mnene mwenye sauti nzuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatupa maji ya kunywa.

"Wewe na mtoto karibuni sana, mama. Mbwa atalala nje."

"Nje kuna fisi, mwanangu."

"Fisi naye ni kiumbe cha Mungu."

"Ni kweli," Bibi akasema. "Lakini huyu nimepewa mimi." Akamshukuru kwa maji na kunivuta twende. Nililia waziwazi. Nilikuwa nimeshanusa ugali.

Tulimpata Mzee Ramadhani jua likiwa linazama. Alikuwa ametoka kutawadha, miguu ingali na maji, na alipomwona Mwacheni alirudi hatua nyuma. Nikajua tumekwisha. "Mama," akasema, "na mbwa wako sina ugomvi. Ila humu ndani nasali, siwezi kumwingiza. Ngoja kwanza." Akaenda kuswali. Alipomaliza akamtoa ndama wake katika kizizi kidogo nyuma ya nyumba, akamwingiza ndani alikolala yeye na mkewe, na yule mzee akakata miiba kwa mikono yake na kuizungushia mara mbili, mpaka hata panya asingepita. Kisha akamwambia Bibi amtie Mwacheni humo. Sijasahau mkewe alivyocheka usiku ule kwa sababu ya yule ndama kutafuna ncha ya mkeka wao.

Asubuhi, tukiaga, Bibi alimwuliza jambo la ajabu. "Nikipita tena hapa na mbwa huyu, utatupokea?"

"Hata ukija na yeye peke yake, mama. Kizizi kipo."

Nilidhani ni adabu za kuagana tu.

Mchana wa siku hiyohiyo lori likatukuta njiani, likirudi kuchukua watu wengine upande wa Mkiwa. Dereva alikuwa kijana mchangamfu. Aliposikia sisi ni akina nani, alifungua mlango wa nyuma. "Pandeni, bibi. Na huyo mbwa apande, mgambo leo hayupo." Miguu yangu ilikuwa imepasuka, na kijiji kipya kilikuwa kwa gari mwendo wa kufumba na kufumbua.

"Asante, mwanangu. Tutatembea."

"Bibi, watu wanalilia gari, wewe unalikataa?"

"Mbwa akibebwa hafiki," Bibi akasema.

Dereva aliguna, akanipa kipande cha mkate, akaondoka. Mimi nilikaa chini barabarani nikakataa kwenda. Nilimwambia Bibi kwamba anampenda mbwa kuliko mimi. Hakunikemea. Alikaa kwenye vumbi kando yangu, akapapasa miguu yangu, akaifunga kwa kitambaa alichokichana kwenye kaniki yake, fundo lake likiwa lile la kubana mara mbili alilofungia kila kitu. "Wewe utakuwa na miguu mingi, mke mwenzangu," akasema, akagusa miguu ya Mwacheni. "Mimi nina hii tu."

Usiku wa pili tulilala kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Elizabeti. Huyo hata hakutuacha tumalize maelezo. "Mbuzi wanalala humu, huyu mwanangu wa mwisho anakojoa humu, mbwa ataniharibia nini?" Mwacheni akalala karibu na mafiga na kukoroma kama mtu mwenye nyumba yake. Na asubuhi Bibi akauliza swali lilelile: akipita tena na mbwa, atapokewa? Mama Elizabeti akasema mlango wake hauna komeo.

Tukafika. Kijiji kipya kilikuwa na mistari iliyonyooka, vijumba vya nyasi vyote sura moja, kimoja mbele ya kingine. Wakubwa walijivunia mistari ile. Lakini pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba Bibi yangu ni kipofu. Aliingia nyumba za watu akidhani ni kwetu. Alijigonga. Alimwaga uji. Watoto wa jirani walimcheka, nikapigana nao. Jioni ilipofika alitoka nje na kukaa chini, popote tu, akafungua mdomo kama anayetaka kuanza habari, kisha akaufunga. Baba alikuwa akimtazama, halafu anaondoka kwenda kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa.

Asubuhi moja nilikuta mahali pake pamepoa. Ukanda wa ngozi haukuwapo kwenye msumari, wala Mwacheni hakuwapo.

Wanaume walitafuta makorongo yote. Mama alilia mpaka tukaogopa mimba itatoka. Watu walianza kusema kwa sauti ya chini kwamba ni fisi, na mimi nikawaza kizizi cha Mzee Ramadhani, nikatamani Bibi naye angezungushiwa miiba. Baba hakula. Kisha, siku watu walipokuwa wameshachoka kutafuta, Mwacheni akatokea peke yake, amekonda, ulimi nje. Shingoni alikuwa amefungwa kipande cha kaniki.

Baba akapiga magoti mavumbini, akashika lile fundo. Lilikuwa limebanwa mara mbili. Akacheka, na papo hapo akalia, na mimi sikuwa nimewahi kuona mwanamume akifanya yote mawili kwa uso mmoja. Akafunga unga na chumvi, akamfuata mbwa.

Alirudi na mbwa, bila Bibi. Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kuuliza, Baba alimwambia mama yake amekwenda kukaa kwa ndugu zetu Ulemo. Nikauliza kwa sauti, "Kumbe tuna ndugu Ulemo?" Mama alinifinya nikaona nyota mchana.

Tangu hapo Baba akawa mwindaji. Alikuwa hajawahi kuwinda hata sungura, lakini kila mara Mwacheni alipotoroka na kurudi na kitambaa shingoni, Baba alichukua mkuki wa Babu akasema anakwenda porini. Alirudi mikono mitupu, kila safari, naye hakuona haya. Ni mimi mwenyewe niliyemsaidia Mama kumfungia mzigo, na sikujiuliza ni mwindaji gani anayekwenda mawindoni na kibaba cha unga. Nadhani mwenyekiti alijiuliza. Alikuwa na mama yake pia, na hakusema kitu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya Baba ilipita Ulemo na haikukatika kiangazi kizima.

Baba aliniambia yote alipokuwa mzee, nami ni mama wa watoto. Mbwa hujifunza njia kwa pua na kwa miguu. Ukimpandisha gari umemfumba macho. Ndiyo maana Bibi alilikataa lori, na ndiyo maana tulisimama kila njia panda. Alinihitaji mimi kwa kwenda. Kwa kurudi alimhitaji Mwacheni. Na zile nyumba tulizobisha, ambazo mimi nilidhani ni za kulala usiku mmoja, alikuwa akizichagua: alitaka kujua ni wapi kikongwe asiyeona, anayeongozwa na mbwa, atafunguliwa mlango bila kuulizwa amemtoroka nani. Mzee Ramadhani alimweleza Baba kwamba Bibi alifika kwake jioni, peke yake na mbwa, na yeye akamtoa ndama kizizini hata kabla ya salamu kwisha. Alidhani sisi ndio tuliomruhusu.

Baba alimkuta Bibi amefagia lile tembe lisilo na paa, amekoka moto katika mafiga yake, anatembea bila fimbo. Alimwomba arudi. Bibi akamwuliza, "Nirudi wapi tena? Si ndio nimerudi?" Baba akamwezekea pembe moja ya nyumba, akaondoka. Aliniambia hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, kumwacha mama yake mahali anapotaka.

Mwanzo wa masika, asubuhi, nilisikia makucha mlangoni. Mwacheni aliingia amelowa chapachapa, akajitikisa maji hadi kwenye chungu, na nyumba nzima ikajaa ile harufu. Nilimkimbilia, nikamkumbatia shingo nikitafuta fundo. Hakuwa na kitambaa. Nilimzungusha, nikapapasa tena chini ya manyoya yaliyolowa, nikamwambia Baba kimeanguka njiani.

Mama alikuwa ameshaanza kupima unga. Baba akamshika mkono, akaurudisha unga debeni. Kisha akaenda kwenye pembe ya nyumba, akaupita mkuki, akachukua jembe, akamfuata mbwa.