Pete za Zohali

Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, na mkewe naye, akikasirika, alimwita hivyo hivyo. Kazi alirithishwa na mjomba wake, na mkono wake ulikuwa mtulivu kiasi kwamba watu walisema angeweza kumvua nzi miwani na nzi asijue.

Starehe yake ilikuwa moja tu: darubini aliyoiunda mwenyewe kwa miaka, na kamera aliyoifunga nyuma yake. Jumamosi mchana alikwenda chumba cha nyuma cha Mpiga Chapa, rafiki yake wa tangu utoto, wakabandika ukutani picha za anga walizopiga wiki hiyo na kuanza kubishana. Wa tatu wao alikuwa muuguzi mstaafu waliyemwita Dada Sindano, kwa sababu ulimi wake ulichoma.

“Hii ni galaksi, shemeji, au umemwaga chai?” alimwuliza Mpiga Chapa, wakacheka hadi machozi.

Kisha kidole gumba cha Fundi kikaanza kutetemeka. Alidhani ni uchovu. Mtetemo ukapanda kiganjani, na daktari akamwambia bila kuzunguka kwamba ugonjwa huo hauponi, hupunguzwa kasi tu. Fundi akameza maneno hayo, asimwambie mtu. Siku moja aliivunja springi ya saa aliyoachiwa mteja na marehemu baba yake. Mteja aliifunga saa yake kwenye leso akaondoka kimya, na kimya kile kilimuuma Fundi kuliko matusi.

Darubini nayo ikamgomea. Kila aliposhika kirungu kidogo kinachozungushwa ili picha ionekane wazi, nyota zilicheza kama zimepagawa. Jumamosi baada ya Jumamosi akaja mikono mitupu, akisingizia mawingu.

“Mawingu ya kwako peke yako?” alisema Dada Sindano. “Sisi tunakaa dunia gani?”

Wiki iliyofuata akaja na picha ya sayari ya Zohali. Ilikuwa safi ajabu, pete zimetanuka kama ukingo wa kofia pana. Mpiga Chapa akapiga makofi. Dada Sindano hakupiga.

“Kaka, umeipiga lini hii?”

“Juzi.”

“Juzi hii hii?” Akaonyesha picha yake mwenyewe, iliyobandikwa kando ya ile ya Fundi. Mwaka ule Zohali alikuwa ametugeuzia ubavu, na pete zake zilionekana nyembamba kama uzi. “Hii yako ni ya zamani.”

“Labda Zohali wa Fundi ameoa mke wa pili,” Mpiga Chapa akatania, “kavaa pete nyingine.”

Hakuna aliyecheka. Fundi aliinuka aibandue picha. Ilikuwa yake kweli, aliipiga kwa mikono yake miaka mingi nyuma, lakini sasa mikono hiyo hiyo ilishindwa kung’oa pini moja. Alivuta, vidole vikapapatika mbele ya macho yao, picha ikachanika katikati. Akatoka bila kuaga.

Dada Sindano alimfuata nyumbani siku ile ile. Ugonjwa ule aliujua. Alikuwa amewalisha wengi waliokuwa nao.

“Tangu lini, kaka?”

“Mwaka umepita.”

“Na hukutuambia?”

“Niwaambie nini? Kwamba fundi saa hawezi kushika skrubu?”

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Yeye alishaona kijiko kikigonga sahani, ila alisubiri aambiwe.

Jioni moja marafiki wakaja uani. Mpiga Chapa akailenga darubini kwa Zohali, akamwita Fundi aweke jicho. Lakini sasa hata kichwa kilitikisika. Alichokiona ni mchirizi wa mwanga ukipita na kurudi.

“Umemwona?”

“Nimemwona. Yuko safi.”

Mkewe alikuwa amemshika bega, akajua anadanganya.

Fundi hakurudi tena kwenye chumba cha Mpiga Chapa. Kibanda cha saa kikapangishwa kwa msusi, na mvua zilipoanza, mkewe ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati. Dada Sindano aliendelea kuja, akimweleza nani kapiga nini na nani kambishia nani. Kuna siku Fundi aliuliza swali moja kuhusu picha hizo, sauti ikiwa chini. Siku nyingine aligeukia ukuta, akabaki hivyo mpaka aliposikia mlango ukifungwa.