Mama Juu ya Matumbawe

Wiki iliyopita, kwenye mitumba ya Tunduma, niliona miwani ya kuzamia yenye mrija wake wa kupumulia. Nilipoijaribu usoni, harufu ya mpira ilinirudisha baharini.

Nilikuwa bado mtoto. Akina mama wa kwaya ya kijiji chetu cha Itaka walikuwa wamesafiri kwenda Dar es Salaam, na mama akanichukua. Mchana mmoja mashua ya tanga ilitupeleka kwenye matumbawe. Tanga liliposhushwa, nahodha alitugawia miwani na jaketi za kuokolea.

"Lazeni uso majini, mpumue kwa mdomo," alisema. "Msikanyage matumbawe, yana uhai."

Mama alitangulia. Mimi nilibaki nimeshika ngazi, nikikohoa maji ya chumvi. Nilipogeuka nikamwona amelala kifudifudi, mikono ameitanua, hasogei. Kwetu, mtu akionekana hivyo mtoni alikuwa ameshakufa. Nikaachia ngazi, nikatapatapa mpaka nikamshika mguu, nikalia.

Akainua uso. "Una nini, mwanangu?"

"Nilidhani umekufa."

"Sijafa. Niache kidogo. Huku chini hakuna anayeniita."

Nilidhani anawasema samaki, kwamba hawalijui jina lake. Siku hizi nina watoto na shamba la kahawa, na ninamwelewa. Siku ile nilimshika mkono tu, nikalaza uso majini kando yake, nikisikia pumzi yangu ikikoroma kwenye mrija. Tuliwatazama samaki wa manjano wakiingia na kutoka kwenye matumbawe, mpaka nahodha alipotuita.