Mume wa Mchezoni na Mahindi ya Mama

Mama alikuwa akiwaambia wanawake wa kanisa kwamba binti yake ana karama ya kunusa mvua. Mimi niliinamisha kichwa na kunyamaza kama mtakatifu. Ukweli ni kwamba sikuweza kunusa hata ugali ukiungua, na aliyekuwa akiijua ile mvua alikuwa mume wangu, ambaye pale nyumbani hakuna mtu aliyejua kwamba ninaye.

Nieleze vizuri kabla hujanifikiria vibaya. Nilikuwa nimemaliza chuo pale Kabianga, kazi sijapata, nimerudi kwetu Kiptere kuchuma majani chai asubuhi na kucheza na simu alasiri. Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita. Watu watano ambao hamjawahi kuonana mnalinda lango la mji, kila mtu kwa simu yake, mkisikiana sauti. Mimi nilikuwa mpiga mishale. Nina hasira za karibu, kwa hiyo kila nikipigwa nilitoka langoni peke yangu kumfuata aliyenipiga, nikafa mapema, na wenzangu wakanitukana. Mmoja tu hakunitukana. Yeye alibeba ngao, akawa ananifuata kila nilikokimbilia na kunifunika, akisema kwa sauti ya upole, "Pole pole, madam. Huyo tutampata tu."

Sasa, mchezo ule ulikuwa na harusi. Mkioana mnapewa ngao isiyovunjika haraka. Nilimwambia tuoane kwa ajili ya ngao. Akasema sawa, kwa ajili ya ngao. Tulioana nikiwa nimekaa juu ya gunia la majani kwenye kituo cha kupimia chai, nikisubiri lori la kiwanda, nimevaa gambuti na leso kuukuu ya Mama kichwani. Yule mwanamke mwingine kwenye simu, yaani mimi wa mchezoni, mwenye gauni jeupe na upinde mgongoni, ndiye aliyepigiwa vigelegele.

Kisha ngao ikasahaulika. Tukawa tunaongea hata vita vikiisha. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani kama baba yake, na aliishi nyumba za wafanyakazi huko kwenye mashamba makubwa upande wa Kericho mjini, ambako mvua yetu hutokea. Alasiri mvua ikianza kupiga mabati yao, ananiambia, "Imefika huku. Anua mahindi." Mama alikuwa ameanika mahindi uani kwenye turubai. Natoka mbio, jua linawaka, nakunja turubai, majirani wananicheka, na kabla hawajamaliza kucheka mvua imewafikia wao na mahindi yao. Hivyo ndivyo nilivyopata karama.

Nilimpenda. Nalisema waziwazi sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia hata yeye mwenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba baba yake ni wa kabila lingine, alitoka huko ziwani miaka mingi iliyopita kufuata kazi ya kiwanda, na baba yangu ni mtu ambaye kabla hajakuuliza jina anakuuliza ukoo. Niliamini kwamba siku Baba atakapojua huyu si wa kwetu, atasema hapana, na Baba akisema hapana hata ng'ombe wanaelewa. Ningempoteza. Kwa hiyo nikaficha.

Lakini kuta zetu ni za mbao. Jumamosi moja vita vilikuwa vikali, nikasahau nilipo, nikapiga kelele, "Mume wangu, nifunike! Mume wangu, usiniache!" Mlango ukafunguka. Baba alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, na Mama nyuma yake ameshika mwiko.

"Bwana yako iko wapi?" Baba akauliza, akiinama kuangalia chini ya kitanda.

Nikamwonyesha simu. Nikamweleza lango, ngao, harusi. Kila nilichoeleza kiliharibu zaidi kile nilichotangulia kueleza.

"Wazee gani walisimama kwa hiyo harusi?"

"Hakuna wazee, Baba. Ni mchezo tu."

"Na wewe unalilia bwana ya mchezo namna hiyo?"

Baba akachukua simu, akachomoa waya wa masikioni, akaishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti cha matangani.

"Chamgei, kijana."

Sauti ya mume wangu ikajibu, imekauka kabisa: "Chamgei mising, mzee." Salamu ya kwetu ilitoka safi kuliko ambavyo ningeitoa mimi, kwa sababu alizaliwa na kukulia katikati yetu. Niliona uso wa Baba ukilainika.

Mwenzetu mmoja wa Mombasa, ambaye alikuwa bado anapigana, akaingilia. "Jamani, huyu mpiga mishale mbona kasimama kama mnazi? Maadui hao waja!"

"Wewe nyamaza, tuko na maneno ya boma hapa," Baba akamwambia.

"Niwie radhi, mzee wangu." Alinyamaza, lakini hakuondoka. Nilisikia akizima redio kwao ili asikie vizuri.

"Kijana," Baba akaendelea, "wewe ni ya ukoo gani?"

Nikafumba macho. Mume wangu, ambaye alikuwa amesimama mbele ya majeshi mazima kwa ajili yangu, aliogopa. Akashika uongo uliokuwa karibu, ukoo wa jirani waliyepakana naye tangu utotoni. "Sisi ni watu wa korongo, mzee."

Mama akaangusha mwiko. Kwetu kila ukoo una mnyama au ndege wake, na watu wa mnyama mmoja ni ndugu. Hawaoani, hata kama hawajawahi kuonana. Na sisi ni watu wa korongo.

"Huyu ni ndugu yako!" Baba akanguruma. "Umeolewa na ndugu yako!"

Nilikuwa nimejiandaa akataliwe kwa kuwa wa mbali mno. Sasa alikuwa anakataliwa kwa kuwa wa karibu mno, na kwa mdomo wake mwenyewe. Hasira zangu zile za langoni zikanipanda. Nikamnyang'anya Baba simu, jambo ambalo sijawahi kulirudia.

"Sema ukweli, wewe! Sema baba yako alitoka wapi, ama sisi kwisha!"

"Mzee, nisamehe," akasema. "Nimedanganya. Hiyo ukoo ni ya jirani. Baba yangu alitoka ziwani. Mimi sina korongo yoyote. Niliogopa utanikataza yeye, na mimi nampenda."

Alikuwa hajawahi kuniambia. Aliniambia mbele ya Baba, Mama na mtu wa Mombasa, ambaye alisema, "Haya, lango limeanguka," kwa sauti ya mtu asiyejali lango tena.

Baba akaketi kitandani. "Kwa hivyo si ndugu."

"Si ndugu, mzee."

"Ungesema hivyo mwanzo. Umetaka kunipatia presha." Akafuta jasho. Kisha uso ukaanza kukunjamana upya. "Lakini hii maneno ya ziwani..."

"Mzee, samahani kukukata," mume wangu akasema haraka. "Mvua imeanza huku, na ni kubwa. Mahindi ya mama iko nje?"

Mama akatazama dirishani, ambako jua lilikuwa linawaka. Akatazama simu. Kisha akanitazama mimi, na nikajua karama yangu imekwisha.

Tulitoka mbio wote watatu. Baba alishika pembe moja ya turubai, akilalamika kwamba tunakimbizwa na sauti ya simu, na tone la kwanza likamdondokea kwenye upara akiwa bado analalamika. Tulipoingiza mahindi ndani, mabati yalikuwa yananguruma na majirani wanapiga kelele uani kwao.

Mama akachukua simu kwa mikono miwili. "Mwanangu, wewe ndio hunipigia hii kengele siku zote?"

"Ni mimi, mama."

Mama akamgeukia Baba, ambaye maji yalikuwa yanamtiririka puani. "Ulikuwa unasema nini kuhusu ziwani?"

Baba akatazama mahindi, makavu, yamejaa sebule hadi miguuni pake. Akatafuta kikombe chake cha mursik, akanywa, akajipangusa mdomo.

"Nilikuwa nauliza," akasema, "atakuja lini."